Uso Uliokwanguliwa

Basi la mwisho kabla ya njia ya mlimani kufungwa lingeondoka Tarchok saa nane mchana, na kiti kimoja ndani yake kilikuwa kimeshaandikiwa jina la Jigmet.

Inspekta Chorol aliambiwa hivyo hata kabla hajakung'uta theluji kwenye buti zake. Konstebo Paldan, polisi pekee wa mji ule, alikuwa amekwisha kumaliza kazi. Mtuhumiwa yuko ndani. Sababu ipo. Mashahidi wapo. Mji mzima umekubaliana. Kilichobaki ni sahihi ya afisa kutoka makao makuu, na sahihi hiyo ndiyo iliyompandisha Chorol mlima kwa saa kumi na moja, akiwa amebanwa kati ya dereva wa lori la mafuta ya taa na kreti la mayai.

"Sasa ni saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tatu, afande."

"Basi nina saa tano. Nieleze kama unamweleza mjinga."

Paldan akaeleza, mikono nyuma, kama mtu aliyeyakariri. Kwa miaka mitatu Mwalimu Tharchin, mchoraji asiye na mfano katika bonde lile, alikuwa akichora ukutani mwa hekalu sura ya Buddha Ajaye, yeye na wanafunzi wake wawili. Kila nyumba ilitoa shayiri, kila nyumba ilitoa siagi. Jumapili lama mkuu, kiongozi wa watawa, angefika kuyafungua macho, maana macho huachwa meupe hadi siku hiyo. Mwanafunzi wa kwanza, Jigmet, alikuwa na Mwalimu tangu akiwa na miaka kumi na miwili, na sasa ana ishirini na sita. Wa pili, Spalzes, binti wa mvunja kokoto wa barabarani, alikuwa na miaka mitano tu ya kazi. Vuli hii Mwalimu alipogawa kazi ya mwisho, uso alimpa Spalzes. Jigmet akapewa maua ya pembeni.

"Maua," Chorol alirudia.

"Maua, afande. Mji ulicheka wiki nzima. Wakimwona wanamuuliza kama ameshamwagilia."

Spalzes alimaliza uso Jumatatu. Jumanne saa sita mchana kina mama wawili waliokuwa wakianika samadi walimwona Jigmet akitoka hekaluni, uso umekunjamana, kisu cha kukwangulia plasta kikiwa mkandani. Saa saba akaondoka mjini kwenda kwa shangazi yake kijiji cha juu. Jumatano asubuhi mtunza hekalu alifungua mlango akakuta uso umekwanguliwa hadi kwenye udongo.

"Amekiri?"

"Hajakana, afande."

"Hayo ni mambo mawili, Paldan."

Kwa Jigmet, hata hivyo, yangekuja kuwa mamoja. Akipanda basi lile angekaa mahabusu hadi barafu iyeyuke na mahakama ikae, mwezi wa tano. Na hilo lilikuwa dogo. Wachoraji wa bonde lile wana sheria yao ambayo haijaandikwa popote na haijawahi kusamehe mtu: anayeufuta uso mtakatifu hashiki brashi tena. Hakuna atakayemuuzia gundi ya kuchanganyia rangi. Hakuna atakayempa ukuta.

Alikuwa amefungiwa katika stoo ya kituo, ameketi juu ya gunia la chumvi. Kijana mrefu, vidole vyembamba, kucha zina rangi ya buluu. Chorol alimuuliza maswali tisa, akajibiwa saba kwa kichwa. Kwamba aliingia hekaluni Jumanne asubuhi kumalizia maua, kweli. Kwamba alitoka saa sita na hasira, kweli. Kwamba kisu ni chake, kweli, kila mchoraji ana chake. Kwamba usiku alilala kwa shangazi, kweli.

"Ulikuwa na hasira ya nini?"

Jigmet alimtazama kwa mara ya kwanza. "Uliwahi kuuona ule uso, afande?"

"Nimefika asubuhi hii."

"Basi siwezi kukueleza."

Hekalu lilikuwa juu ya mji, ngazi mia na kitu. Mtunza wake, mtawa mnene aitwaye Khedup, aliwatangulia akihema na kulalamika kwa zamu, akieleza kwamba ufunguo hukaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, na wanaoujua msumari huo ni wanne tu: yeye, Mwalimu na wale wanafunzi wawili. Chorol alimuuliza kama mlango ulivunjwa. Haukuvunjwa. Na ufunguo? Ulikuwa kwenye msumari wake.

Ndani kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Hakuna jiko linalowashwa mle, moshi huua rangi. Buddha Ajaye alijaza ukuta kutoka sakafuni hadi darini, ameketi kama mtu aliye kitini, miguu imeshuka, tayari kusimama. Mikono ilikuwa mizima. Nguo zilikuwa nzima, dhahabu yake haijaguswa. Juu ya shingo palikuwa na udongo mtupu.

Chorol alipanda jukwaa la mbao na kukaa pale muda mrefu, pua yake karibu na ukuta, taa ya mkononi ikimulika kwa upande. Alimwita Paldan apande.

"Unaona nini?"

"Mikwaruzo."

"Imekaaje?"

Paldan alikodoa macho. "Imepindapinda. Inakwenda kama maji. Ni hasira, afande. Mtu mwenye hasira hutetemeka."

"Ana hasira, halafu haigusi dhahabu hata kwa kidole? Mpaka wa shingo ameufuata vizuri kuliko ninavyokata ukucha." Alishuka, na aliposhuka ndipo macho yake yalipotua juu ya altare, chini kabisa ya uso ule. Mabakuli saba ya shaba yalikuwa yamefunikwa, kila moja peke yake, midomo chini.

"Haya yamefunikwa na nani?"

Khedup akasema ndivyo yanavyokaa. Asubuhi hujazwa maji, na kabla jua halijatua humwagwa, yakakaushwa, yakafunikwa. Alisema kwa subira, kama anayemfundisha mgeni, ingawa Chorol naye alilelewa katika nyumba yenye mabakuli saba na alichapwa akiwa msichana wa miaka sita kwa kuacha moja wazi.

"Babu, najua hufunikwa. Nauliza nani. Jumanne wewe ulikuwa hapa jioni?"

Khedup akaeleza. Jumanne alfajiri aliyajaza kwa mkono wake. Kisha akateremka kijiji cha chini kumsomea maiti, akalala huko. Jumatano asubuhi alipofungua mlango yalikuwa yamekwisha kufunikwa.

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa uso, afande. Mabakuli yalikuwa sawasawa."

Hilo ndilo lililowapita wote. Watu arobaini walikuwa wameingia mle tangu Jumatano, wakalia, wakalaani, na hakuna aliyeyaona mabakuli, kwa sababu yalikuwa yamekaa kama yanavyotakiwa kukaa.

"Labda Jigmet mwenyewe," Paldan alisema. "Alikwangua saa tano, akamwaga maji, akaenda zake."

"Wewe ungemwaga maji ya madhabahu saa tano asubuhi?"

Paldan alitikisa kichwa. Asingemwaga. Hakuna mtu wa Tarchok, mwizi wala mlevi, ambaye angeyamwaga saa hiyo, na hakuna ambaye angeyaacha jua litue.

Chorol alipiga magoti. Juu ya mbao za altare, mbele ya mabakuli, kulikuwa na vidoti vya barafu, vidogo kama mbegu za dengu, vingi. Vingine vilikuwa sakafuni, vimeandamana hadi mlangoni. Khedup alipovioneshwa alikunja uso kwa karaha. Huo si mkono wa mtu wa hapa, alisema. Maji huhamishiwa kwenye jagi, bakuli moja baada ya jingine, kutoka kulia kwenda kushoto, na halidondoki tone. Mtoto wa hapa hadondoshi tone. Huyo ni mtu wa nje.

"Mtu wa nje angejuaje kuyafunika?" Chorol aliuliza.

Maji ya mabakuli hayatupwi njiani yakakanyagwa. Ya hekalu lile humwagwa kwenye shina la mwerebi ulio nyuma, upande wa kaskazini, mahali ambapo jua la Novemba halifiki. Chorol alizunguka hadi huko, akiutembeza mkono kwenye ukuta. Theluji ilikuwa imelala chini ya mti, kina cha kiganja. Juu yake, si chini yake, palikuwa na sahani ya barafu yenye umbo la maji yaliyomwagwa mara moja. Aliinyanyua kwa ncha ya kisu, akaiinua juani. Ndani yake kulikuwa na vumbi jeupe la chokaa na vipande vya rangi ya ngozi.

"Theluji ilianza saa ngapi Jumanne?"

"Saa saba na nusu," Paldan alisema.

"Ikakatika?"

"Saa kumi. Baada ya hapo anga likawa jeupe, hakujadondoka kitu hadi leo." Akasita. "Afande. Saa kumi Jigmet alikuwa kwa shangazi yake. Nilimpigia simu mwenyewe. Alifika saa tisa, akawapasulia kuni."

"Basi aliyemwaga maji haya si Jigmet."

"Lakini aliyekwangua anaweza kuwa Jigmet, na mwingine akaja jioni akakuta uharibifu, akamwaga maji, akanyamaza."

Chorol alimtazama konstebo wake kwa heshima mpya. "Anaweza. Twende tukamtafute huyo anayejua kunyamaza."

Spalzes alikuwa nyumbani kwa mama yake, amepiga magoti jikoni, akisaga jiwe la buluu kwenye kinu. Hakusimama walipoingia. Mama yake alitandika busati, na Spalzes akaacha kinu, akainua birika kubwa la chai ya siagi kwa mkono mmoja na kujaza vikombe hadi ukingoni. Chai ilikaa juu ya ukingo, imevimba kidogo, bila kumwagika. Chorol aliuangalia mkono ule hadi ulipoliweka birika chini.

Spalzes akarudi kwenye kinu, wakaanza na mambo madogo. Kwamba Jumatatu jioni alimaliza. Kwamba Mwalimu alipanda jukwaani usiku ule kuuangalia uso, akateremka bila neno, na Jumanne akatuma watu kusema magoti yamemshika, hatoki ndani. Kwamba Jigmet hakuwahi kumpenda.

"Alikufanya nini?"

"Miaka mitano ananiita Binti Kokoto. Nikichora sikio, anapita nyuma, anasema, hilo sikio la punda. Halafu Mwalimu anapita, anaangalia, anasema Jigmet yuko sawa." Alicheka kidogo. "Na kweli alikuwa sawa. Hilo ndilo baya lake."

"Jumanne ulipanda hekaluni saa ngapi?"

Kinu kilisimama.

"Nani kasema nilipanda?"

"Hakuna. Nakuuliza."

Mama akaanza kusema kwamba binti yake Jumanne alikuwa akishona, na Spalzes akamwambia taratibu, mama, acha. Akafuta vidole vyake kwenye aproni, kimoja kimoja.

"Saa tisa. Theluji ilikuwa ikidondoka, hakuna mtu nje. Nilikwenda kukaa nao."

"Na nani?"

"Ule uso. Nilikaa chini yake tu, nikautazama. Labda nusu saa." Masikio yake yalikuwa yameiva. "Ilikuwa mara ya kwanza kuwa nao peke yangu. Kila siku kulikuwa na mtu nyuma yangu anayesema sikio la punda."

"Ulikuwaje?"

"Mzima."

Paldan alivuta pumzi kwa sauti. Chorol aliendelea kumtazama binti.

"Mzima saa tisa. Na maji?"

"Safi. Sikuyagusa, jua lilikuwa bado. Nilijua Babu Khedup atarudi."

"Jumatano wakamkamata Jigmet kwa jambo la saa sita. Wewe ulijua kwamba saa tisa uso ulikuwa mzima."

"Hakuna aliyeniuliza."

"Spalzes."

Binti aliinua kidevu. Macho yake yalikuwa makavu. "Kila mtu alisema ni Jigmet. Nikaona basi, acha iwe Jigmet. Watachoresha nyuso thelathini bondeni hapa kabla sijafa, na kila moja wangempa yeye, kwa sababu ni mwanamume na ni wa ukoo wa wachoraji. Nilifikiri, wakimwondoa, watabaki na mimi." Akarudi kwenye kinu. "Sasa nimesema. Andika."

Chorol akaandika, akamsomea, na Spalzes akatia sahihi kwa herufi nzuri kama zilizochongwa.

Nje Paldan alikuwa akitembea haraka na kuongea haraka. Ni yeye, afande. Ameufuta mwenyewe ili kumtia mwenzake ndani. Amekiri nusu, mpe saa moja atakiri yote.

"Mtu anayetaka kumtia mwenzake ndani hasemi uso ulikuwa mzima saa tisa. Anasema saa tano uliharibika, tena kwa kiapo." Chorol alisimama kuvuta pumzi, hewa ya mji ule ilimlipisha kila hatua. "Na ulimwona akimimina chai. Aliyemwaga maji ya mabakuli alidondosha toka altare hadi mlangoni. Aliyekwangua ukuta alikwangua kwa mawimbi. Si hasira, Paldan. Hasira huja ikapita. Yule alitetemeka akiharibu, na alitetemeka vilevile akiheshimu."

Paldan alihesabu kwa vidole bila kujua kwamba anahesabu. Khedup alikuwa kwenye maiti. Jigmet kwa shangazi. Spalzes mkono wake kama jiwe. Alipofika kidole cha nne alikirudisha ndani ya ngumi.

"Hapana," alisema. "Afande, mimi nilipewa jina na yule mzee. Alichora mlango wa nyumba yetu nilipozaliwa."

"Nyumba yake iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya hekalu, hatua sitini kwa ngazi ya mawe. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

Mwalimu Tharchin alikuwa kitandani karibu na jiko la bati, amejifunika blanketi la manyoya hadi kifuani, mikono ndani ya mikono mirefu ya joho lake. Umri wake ulikuwa miaka sabini na moja, na sura yake ilikuwa ile ambayo watu hushusha sauti mbele yake. Alimkaribisha Chorol kwa maneno mengi ya adabu, akaulizia barabara, akaulizia afya ya mkuu wa wilaya. Mkwe wake alileta chai, akajaza vikombe viwili hadi ukingoni kama desturi. Chorol hakugusa chake. Mgeni hawezi kunywa kabla ya mzee.

"Kunywa, binti yangu."

"Baada yako, Mwalimu."

"Daktari amenikataza chai ya chumvi."

Mkwe aliinua nyusi, akatoka. Siagi ikaanza kuganda juu ya vikombe vyote viwili.

Waliongea juu ya Jigmet. Mwalimu alisikitika. Alisema kijana ana jicho zuri lakini moyo umejaa wivu kwa mwenzake; hawezi kuona kitu kizuri bila kuuliza kwa nini si chake. Ni ugonjwa, alisema, na haupimiki kwa daktari. Chorol aliandika yote. Aliuliza kama Mwalimu alitoka Jumanne. Hakutoka; magoti. Hata jioni? Hata jioni. Akaandika hilo pia, kwa herufi kubwa zinazosomeka, akamsomea kuanzia mwanzo, akalisogeza daftari kwenye meza ndogo, na juu yake akaweka kalamu.

"Tia sahihi hapa, Mwalimu, nikawahi basi."

Mzee alitazama kalamu. Jiko lilikuwa likipumua. Paldan, aliyesimama mlangoni, alitoa kofia.

"Leta wino," Mwalimu alisema. "Nitaweka kidole."

Huyu ndiye mtu aliyeandika majina ya mahekalu sita juu ya milango yake. Watoto wa shule walijifunza herufi kwa kufuatisha mwandiko wake. Wasiojua kuandika ndio huweka kidole.

"Tangu lini?" Chorol aliuliza.

Taratibu, mzee alitoa mkono wa kulia kutoka ndani ya joho na kuuweka juu ya blanketi. Ulikuwa ukitetemeka kama kitu kilichoshikwa kikiwa hai.

"Tangu masika."

"Nani anajua?"

"Sasa, nyinyi wawili."

"Ndiyo maana uso ulimpa Spalzes."

"Nilimpa kwa sababu ulikuwa utamshinda." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Jigmet angeweza kuumaliza. Ungekuwa uso mzuri, wa kawaida, na watu wangesema, haya, Mwalimu amepata mrithi, apumzike. Yule binti nilijua atakwama. Watakuja mlangoni kwangu, watasema, Mwalimu, tuokoe. Na mimi ningesema magoti yangu mabaya, mmechelewa. Wangelijua pengo langu."

"Haukumshinda."

"Haukumshinda." Alitazama dirisha. "Nilipanda Jumatatu na taa. Nina nyuso arobaini bondeni humu, binti yangu. Watu husujudu mbele yake. Nilisimama pale nikajua kwamba zote arobaini ni vinyago. Ule ulikuwa unataka kusema kitu. Bado hauna macho, na ulikuwa unataka kusema. Binti wa mvunja kokoto. Miaka mitano."

Paldan alikuwa amegeukia ukuta.

"Ulikwenda saa ngapi?"

"Theluji ilipokatika. Niliifuata ngazi ya nyuma, nikaifagia nikirudi."

"Na Jigmet? Ulisikia Jumatano kwamba amekamatwa."

"Nilisikia."

"Ukasema nini?"

"Nilisema anaweza kuwa ndiye." Kwa mara ya kwanza mzee alionekana kuchoka. "Nilimwona akiutazama. Nilijua anachokiona, kwa sababu nilikuwa nikikiona mimi."

Chorol alifunga daftari, kisha akalifungua tena, kwa sababu swali moja lilikuwa limebaki na lisingeandikwa na mtu mwingine.

"Ulikuwa umemaliza. Hakuna aliyekuona. Kwa nini ukakaa tena kumwaga maji?"

Mwalimu alimgeukia, na katika uso wake kulikuwa na mshangao wa kweli.

"Jua lilikuwa linatua," alisema. "Ungeyaachaje?"

Alipewa nafasi ya kwenda mwenyewe. Saa saba kamili aliingia katika ukumbi wa baraza akiwa ameshikwa na mkwe wake upande mmoja na Paldan upande wa pili, na mbele ya mkuu wa mji, Mzee Rabgye, na wazee wengine kumi na moja alisema maneno manne au matano, mikono ikiwa nje, wote wakiiona. Waliokuwepo walisema baadaye kwamba hakuna aliyemtukana. Mzee Rabgye alijaribu kusema kwamba labda jambo libaki ndani ya mji, umri ule, heshima ile, na Inspekta Chorol akamuuliza kama kwa Jigmet pia walikuwa wamepanga libaki ndani ya mji. Saa nane basi liliondoka. Jina kwenye kiti kile lilifutwa kwa kalamu na jingine likaandikwa juu yake, na konstebo Paldan alikaa kiti cha pembeni akiwa amelishika begi la mzee mapajani, akitazama mbele.

Chorol alibaki. Angeondoka na lori kesho kama njia ingeruhusu. Alikwenda stoo, akafungua, akamwambia Jigmet yote, bila kupunguza. Kijana alisikiliza akiwa amekaa juu ya gunia lake. Aliposikia jina la Mwalimu alifumba macho, ila hakuuliza kama ni kweli.

"Siku mbili umekaa humu," Chorol alisema. "Ulikuwa na shangazi, una shahidi, una theluji. Neno moja tu, 'si mimi', lingenipunguzia ngazi mia. Kwa nini hukulisema?"

"Kwa sababu nilikitoa kisu."

Chorol alifungua daftari.

"Jumanne saa tano na nusu. Nilikuwa nimemaliza maua. Nikapanda jukwaani, nikakitoa, nikakiweka hapa." Aligusa shavu lake mwenyewe. "Nilikaa hivyo hadi mkono ukafa ganzi. Halafu nikateremka. Wakati wote humu ndani nilikuwa najiuliza kama kweli niliteremka." Akainuka, akapangusa chumvi kwenye suruali. "Mimi na Mwalimu tumepishana saa chache tu, afande. Ungeandika hivyo kwenye daftari lako?"

"Sina fomu ya hilo. Nenda nyumbani."

Hakwenda nyumbani. Chorol alimwona akipanda ngazi za hekalu, akamfuata kwa mbali, kwa sababu ya kazi au kwa sababu nyingine. Mlango ulikuwa wazi. Spalzes alikuwa juu ya jukwaa, peke yake. Mahali pa uso alikwisha kupaka udongo mpya na chokaa juu yake, vyote bado vibichi, na alikuwa akijaribu kupiga mistari ya vipimo kwa uzi uliopakwa vumbi jekundu. Uzi huo huvutwa na watu wawili, mmoja kila upande, kisha hupigwa ukutani. Alikuwa ameufunga upande mmoja kwenye msumari, na kila akiuvuta msumari ulichomoka.

Jigmet alisimama chini.

"Nilikaa kimya," Spalzes alisema bila kugeuka. "Wamekwambia?"

"Wameniambia."

"Basi sema unachotaka kusema, uende. Lama anafika Jumapili, nina siku mbili na usiku wake."

Jigmet alipanda. Mbao zililia. Aliokota ncha ya uzi iliyoanguka, akajizungushia kidoleni, akarudi nyuma hadi uzi ukakaza mbele ya ukuta mweupe. Chorol alisimama mlangoni na hakuingia.

"Ncha yako iko juu kwa punje moja," Jigmet alisema.

Spalzes alipima kwa jicho, kisha kwa ukucha wa kidole kidogo. Taya lake lilikaza. Akaishusha kwa upana wa punje moja ya shayiri, hakumshukuru, akauvuta uzi katikati kwa vidole viwili, na kuuachia.